Malawi gari zinakunywa pombe, nikaenda kunusa moshi wake

Mimi kifua changu ni mtambo wa kupima hewa. Sikukinunua, nilizaliwa nacho. Nimekulia Ubungo, nyumba ya tatu kutoka barabarani, na mama alikuwa anajua foleni ya jioni imeanza kwa kunisikia tu ninavyopumua. Ikifika saa kumi na moja magari yamesimama, mimi huku kifua kinapiga filimbi. Mpaka leo sitoki nyumbani bila kile kidude cha kupuliza dawa ya pumu. Washikaji wananitania eti natembea na pafyumu mfukoni.

Sasa kuna jamaa yangu mmoja, dereva wa lori la mafuta, siku hiyo tunakunywa chai kibandani akaniambia kuna nchi ambako gari linatiwa pombe na linakwenda. Nikamwona kapata moja baridi asubuhi asubuhi. Akacheka. "Bwana mdogo, petroli naipeleka mwenyewe Malawi. Inatoka hapa hapa bandarini Dar. Ikishafika kule wanaichanganya na spiriti ya miwa, ndiyo inakwenda sheli. Wala hawakuanza jana." Nikamuuliza, na moshi wake je? Akasema, "Moshi gani? Hakuna moshi."

Mtu mwenye pumu ukimwambia kuna mji hauna moshi wa magari, umemwambia kuna pepo. Nikavunja kibubu. Ilikuwa Septemba 2024.

Stendi ya Magufuli pale Mbezi tuliondoka kukiwa giza. Chalinze, Morogoro, Mikumi na tembo wake, yote hayo unayajua. Kasheshe ni Kitonga. Msomaji wangu, kama hujapanda Kitonga nyuma ya malori matatu yamebeba mzigo wa kwenda Zambia, hujaona moshi. Lori linatambaa kwa gia namba moja, dereva kakanyaga mafuta mpaka mwisho, na ekzosi inamwaga wingu jeusi ambalo unaweza kulikata kwa kisu. Mimi nafunga dirisha, baba wa kiti cha nyuma analifungua, nafunga, anafungua. Tumekwenda hivyo mpaka juu. Dawa yangu nikapuliza mara mbili.

Hapo ushike jambo moja, maana litatusaidia mbele. Lile wingu jeusi ni la dizeli. Spiriti inachanganywa na petroli, si na dizeli. Kwa hiyo hata huko kwenye nchi ya gari zinazokunywa, lori ni lile lile na moshi ni ule ule. Hilo jamaa yangu hakuniambia.

Kutoka Uyole unaiacha barabara kuu ya Tunduma, unashuka Tukuyu kwenye migomba na chai, unafika Kyela, halafu Kasumulu. Mpaka wenyewe ni mto Songwe. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Karonga ni ndugu wa damu, na Kiswahili kinavuka daraja bila kugongewa muhuri. Shilingi yangu ikageuka kwacha. Kisha barabara inafuata ziwa. Sisi tunaliita Ziwa Nyasa, wao Ziwa Malawi, na kwa kuwa nilikuwa mgeni ndani ya basi lao, nililiita ziwa tu. Pale Chiweta basi linapanda mlima kona kwa kona, na ukigeuka nyuma unaliona maji yote yale ya bluu chini yako. Nilisahau kifua.

Lilongwe ni mji wa ajabu kidogo. Mitaa yake ina namba kama vyumba vya gesti: Area 2, Area 25, Area 47. Ukiambiwa namba usidhani zinafuatana, utalala njiani. Kati ya mtaa na mtaa kuna miti na nafasi tele, na Septemba mijakaranda imeanza kutoa maua ya zambarau. Asubuhi ya kwanza niliamka, nikavuta pumzi ndefu, nikangoja filimbi. Kimya! Nikasema wallahi spiriti inafanya kazi.

Kumbe nilikuwa naisifia miti. Lilongwe haina foleni ya Ubungo, na penye nafasi upepo unafagia. Aliyenirekebisha ni fundi mmoja wa gereji ya uchochoroni, Mmalawi aliyewahi kuishi Mbeya miaka sita, Kiswahili chake cha Mwanjelwa kabisa. Nilimkuta amelala chini ya saluni ya Kijapani. Nikamwamkia, "Shikamoo fundi, nimetoka Dar, nataka kunusa ekzosi." Akatoka chini ya gari kuniangalia vizuri.

Ni yeye aliyenipa historia. Malawi haina bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta yalikuwa bei mbaya, na Mozambique, ambako ndiko njia zao za reli zinapita kwenda bandari za Beira na Nacala, ilikuwa vitani. Miwa wanayo, na kiwanda cha sukari kikishakamua kinabaki na molasi, lile rojo jeusi kama asali iliyoungua. Mwaka 1982, huko Dwangwa kando ya ziwa, wakaanza kuivundika molasi kwa hamira na kuikeneka mpaka ikatoka spiriti kavu isiyo na maji, ya kutia kwenye petroli. Mwaka 2004 wakaongeza kiwanda cha pili kusini, wilaya ya Chikwawa. Kiasi kinachochanganywa kinapanda na kushuka kufuatana na spiriti iliyopo, lakini zungumzia lita 10 mpaka 20 katika kila 100. Kenya nao waliwahi, spiriti ya Muhoroni miaka ya 1980, wakaja wakaacha. Sisi Bongo spiriti ya miwa tunaijua sana, ila sisi tulikuwa tunaitia kwenye viroba mpaka serikali ilipovipiga marufuku mwaka 2017. Wenzetu gari linakunywa, kwetu dereva.

"Haya, nusa," fundi akasema, akaliwasha. Nikainama. Harufu ni ya petroli, lakini kwa nyuma kuna kitu kama togwa lililochacha. Akachukua kitambaa cheupe akakishika mbele ya bomba kwa dakika nzima. Kikatoka na kivuli cha kijivu tu. Nikafurahi. Akaninyang'anya furaha hapo hapo. "Usishangilie. Hata petroli tupu, injini ikiwa nzima, haitachafua hiki kitambaa sana. Kilichopungua hukioni, na kilichoongezeka hukioni."

Nikavuta ndoo, nikakaa. Kemia kidato cha nne nilipata D, lakini siku hiyo nilielewa.

Kilichopungua kwanza ni ile hewa ya sumu isiyo na harufu, monoksaidi ya kaboni, inayoua watu waliofunga jiko la mkaa chumbani. Inatokea moto unapokosa oksijeni ya kutosha. Spiriti inakuja na oksijeni yake ndani, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, kwa hiyo petroli inaungua vizuri zaidi. Gari za zamani za kabureta ndizo zinazonufaika sana. Gari za sasa zina sensa inayojirekebisha yenyewe, faida inakuwa ndogo. Salfa nayo kwenye spiriti ni kama hakuna.

Halafu kuna risasi. Hii wengi wetu tumeisahau. Zamani petroli ilitiwa madini ya risasi ili injini isigonge, na risasi ile ilitoka kwenye ekzosi ikaingia kwenye damu za watoto ikaharibu akili. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na ilipofika mwanzoni mwa 2006 ikawa imeondoka. Dunia nzima ilimaliza Julai 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Spiriti inafanya kazi ile ile ya kuzuia injini kugonga, bila risasi. Kwa hiyo kila lita ya spiriti iliyoingia kwenye petroli miaka ile ilikuwa na thamani ambayo hakuna kitambaa kingeionyesha.

Sasa kilichoongezeka. Ile harufu ya togwa ina jina gumu, asetaldihaidi. Ndiyo hiyo hiyo mwili wako unayoitengeneza ukinywa, na inahusika na kile kichwa cha Jumapili asubuhi. Hewani inawasha macho na koo. Gari likiwa na masega kwenye ekzosi, yaani lile dude lenye matundu kama la nyuki, mengi yanaungulia humo ndani kabla hayajatoka. Lakini niambie ukweli, msomaji, gari la mjomba wako lina masega? Masega yana madini ya bei mbaya, watu wanayachomoa wanayauza, gari linabaki na bomba tupu. Fundi alicheka nilipomwambia Dar kuna watu wanatangaza kabisa kwamba wananunua. "Na hapa vilevile, ndugu yangu."

Na lingine: ukitia spiriti kidogo, kama asilimia 10, petroli inakuwa nyepesi kupaa. Mvuke unatoka hata kwenye tanki la gari lililosimama. Mvuke huo ukikutana na moshi wa magari na jua kali, unazaa ozoni. Ozoni iliyo juu angani inatukinga na jua. Ikiwa huku chini kwenye pua yako, ni adui wa kifua, na kwa mwenye pumu ni adui nambari wani. Hapo ndipo nilipogusa mfuko kuhakikisha kidude changu kipo.

Nikamuuliza fundi, sasa mwisho wa yote hewa inakuwa safi zaidi au chafu zaidi? Akafuta mikono. "Hapa gari ni chache, huwezi kuona. Nenda wanakokunywa wengi."

Wanakokunywa wengi ni Brazil. Huko sijafika, kibubu kina mwisho, ila nilisoma niliporudi. Brazil ilianza mpango wake wa spiriti mwaka 1975, na tangu 2003 wanauza gari ambalo unaweza kulijaza spiriti tupu, petroli, au vyote pamoja, unaangalia tu ipi bei nzuri siku hiyo. Mji wa São Paulo una gari za namna hiyo kwa mamilioni, na una mitambo ya kupima hewa. Kati ya 2009 na 2011 bei ya spiriti ikapanda, madereva wakahamia petroli kwa wingi. Watafiti wawili, Alberto Salvo na Franz Geiger, wakafungua daftari za mitambo ile. Waliyoyatoa mwaka 2014 yaliwashangaza watu: magari yalipoacha spiriti, ozoni ilishuka kama asilimia 20! Lakini monoksaidi ikapanda. Na mwaka 2017 Salvo na wenzake wakatoa mengine: magari yalipohamia petroli, zile chembe ndogo kupita kiasi, ambazo zinapenya mpaka ndani kabisa ya mapafu, ziliongezeka kwa theluthi moja saa za asubuhi watu wakienda kazini.

Yaani ngoma droo. Spiriti inakupunguzia chembe na inakuongezea ozoni, kwa mji ule na jua lile. Mimi ningechagua chembe zipungue, lakini ni rahisi kusema ukiwa hauko São Paulo saa nane mchana na kifua kama changu.

Na dizeli ya mimea, kwa ajili ya yale malori ya Kitonga? Wamarekani walikusanya vipimo wakavitoa mwaka 2002. Ukichanganya asilimia 20 ya mafuta ya mimea kwenye dizeli, masizi yanapungua kama asilimia 10. Ukitia mafuta ya mimea matupu, yanapungua karibu nusu, ila oksaidi za naitrojeni, ambazo nazo ni mama wa ozoni, zinapanda kama asilimia 10. Nusu ya lile wingu jeusi si mchezo. Sisi tulijaribu mbono, Kisarawe na Kilwa, miaka ya mwisho ya 2000. Kampuni zilikuja, zikapewa ardhi, zikafunga virago, na mafuta hatukuyaona.

Safari ya kurudi sikupita njia niliyojia. Nilitaka kuona spiriti inakotoka. Nikapanda minibasi mpaka Salima, halafu barabara ya ziwani kwenda kaskazini. Nkhotakota tulisimama kununua samaki. Huo mji una damu yetu: katikati ya miaka ya 1800 alihamia hapo Mswahili mmoja wa biashara ya pembe na watumwa, akatawala yeye na waliomfuata kwa jina la Jumbe. Mpaka leo misikiti ipo. Sikushuka sana kwenye hilo, dereva alikuwa anapiga honi.

Dwangwa unaijua kabla hujafika. Kwanza miwa, kushoto na kulia, kijani mpaka macho yanachoka. Halafu harufu, nzito, tamu, imechacha, kama klabu ya pombe za kienyeji siku ya mnada. Spiriti ikishakenekwa yanabaki maji machafu ya kahawia, na kwa kila lita ya spiriti ni zaidi ya lita kumi za maji hayo. Ndiyo kazi ilivyo duniani kote.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mwenye asili ya Karonga, anauza chakula mbele ya nyumba yake, Kiswahili chake cha kuchanganya lakini tunaelewana. Akanipikia nsima na usipa, dagaa wao wa ziwani. Nilikula nikafua shati langu nikalianika uani. Mama akaniangalia. "Mwanangu, hilo uliingize ndani. Leo watachoma."

Sikumwelewa. Jua lilipozama upepo ukatulia, ndipo nikaelewa. Upande wa pili wa barabara moto ulisimama kama ukuta, juu kuliko mnazi, ukinguruma kama mvua kubwa inakuja. Shamba la miwa linachomwa kabla ya kukatwa. Majani makavu yanaungua, nyoka wanakimbia, mwa wenyewe unabaki umesimama umejaa maji, na mkataji wa panga anafanya kazi kwa urahisi. Wanafanya hivyo nchi nyingi za miwa, kwetu Kilombero vilevile. Dakika kumi tu shamba limekwisha. Halafu yanaanza kushuka majivu, vipande virefu vyeusi, taratibu, kama manyoya ya kunguru. Yanashuka kwenye paa, kwenye ndoo ya maji, kwenye sufuria, kwenye nywele za watoto waliotoka kutazama.

Na filimbi yangu ikarudi. Kitonga nilipuliza mara mbili, Dwangwa nilipuliza mara nne, nikakaa kitandani nimeegemea ukuta mpaka saa saba usiku. Nilikuwa nimesafiri kote huko kutafuta hewa ya gari zinazokunywa pombe, na pumu ikanikuta kwenye chanzo cha pombe yenyewe, mahali ambapo nilihesabu gari tano barabarani tangu jioni.

Nisimwonee mtu, hapo kuna utata. Miwa ile inalimwa kwa ajili ya sukari, molasi ni mabaki tu. Hata Malawi ikiacha kabisa kuchanganya spiriti, shamba litachomwa. Ule moshi ni wa chai yangu na yako kabla haujawa wa gari. Jimbo la São Paulo lilitunga sheria mwaka 2002 ya kuachana na uchomaji pole pole, wakaleta mashine za kuvuna miwa mibichi. Hewa ikapata nafuu, na wakata miwa wengi wakapoteza kibarua. Nilimweleza mama habari hiyo. Mwanawe wa kwanza ni mkata miwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi hizo mashine zikae huko huko."

Asubuhi nilimkuta jikoni. Jiko lenyewe ni mafiga matatu na kuni mbichi kidogo, kibanda cha nyasi kimejaa moshi mpaka mlangoni, yeye anakoroga uji macho yanamtoka machozi, mjukuu yuko mgongoni anakohoa. Nilisimama nje, kifua changu hakiwezi hata kuingia. Tukiwa tunazungumza hivyo hivyo, yeye ndani mimi nje, likapita lori la tangi linaelekea kusini, upande wa Lilongwe.

"Mama, ile spiriti ukitia kwenye jiko lake inawaka haina masizi kabisa. Sufuria inabaki nyeupe."

"Najua," akasema. Kumbe aliwahi kuona. "Lakini ile ni ya magari."

Nikanywa uji, nikalipa, nikapanda basi la Nkhata Bay. Juu ya Nkhata Bay, njiani kwenda Mzuzu, kuna mashamba ya mpira na watoto wanauza mipira waliyoisokota wenyewe kwa utomvu. Nilinunua mmoja, unadunda mpaka basi. Kitonga safari hii tulikuwa tunashuka, malori yanapanda upande wa pili, na yule wa dirishani nilikuwa mimi. Shati la Dwangwa sikuwahi kuliingiza ndani usiku ule, likapata vidoadoa vyeusi mabegani. Nimelifua mara mbili. Juzi nililianika nje hapa Ubungo, nikalisahau mpaka saa mbili usiku, sasa siwezi tena kujua doa lipi ni la wapi.